Sipandi Mpaka Izimwe: Chama cha Wafanyakazi Kinamfaa Nini Fundi Umeme?

Kabla sijaanza kula kwa kalamu nilikuwa saidia fundi. Nilichimba mashimo ya nguzo, nikabeba vikombe na nyaya, nikavuta kamba kwenye mradi mmoja wa umeme vijijini, mkoani Singida. Asubuhi moja msimamizi alifika na pikipiki akatuambia laini imeshazimwa, pandeni. Fundi wetu mkuu, ambaye tulimwita Babu ingawa hakuwa amefika hata miaka 55, akauliza kibali kiko wapi. Akajibiwa kimetolewa kwa simu. Akauliza ethi, zile nyaya za kuupeleka umeme ardhini, zimefungwa nguzo zipi. Msimamizi akatazama saa yake. Babu hakubishana. Alichukua fimbo ya kupimia, akairefusha kipande kwa kipande, akaiinua taratibu mpaka karibu na waya wa kilovoti 33. Ikalia: waya ulikuwa na moto.

Hakuna aliyekufa siku ile, na hakuna aliyeomba radhi. Jumatatu majina yaliposomwa, jina la Babu halikuwemo. Tuliambiwa kazi imepungua. Siku hiyohiyo waliongezwa vijana wawili.

Ninalirudia tukio hilo kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu vyama vya wafanyakazi, kwa sababu mabishano yenyewe karibu yote huishia kwenye mshahara: kimeongeza shilingi ngapi, kinakata shilingi ngapi. Kwa karani wa benki hesabu hiyo inatosha. Kwa mtu ambaye kosa moja la mtu mwingine, lililofanyika kilomita 20 kutoka alipo, linaweza kumchoma akiwa juu ya nguzo, haitoshi. Swali langu ni nani anayesimama na fundi pale anaposema sipandi.

Lakini wanaokikataa chama wana hoja, na si hoja za kupuuzwa. Jirani yangu ni fundi umeme wa kiwanda hapa Dar es Salaam, kazi ya mota, paneli na jenereta, zamu ya usiku wiki moja na ya mchana wiki inayofuata. Ada iliyozoeleka katika vyama vyetu ni asilimia 2 ya mshahara. Yeye analipwa 950,000, kwa hiyo kila mwezi 19,000 inaondoka kabla hajaigusa. Kwa mwaka ni 228,000. "Kwa hela hiyo," aliniambia akinionyesha hati ya mshahara kwenye simu, "ningenunua multimita ya maana na glovu zangu mwenyewe, tena bila kumwomba mtu."

Hoja yake ya pili ni nzito kuliko ya makato. Vyama vyetu vimejengwa kwa sekta, havikujengwa kwa fani. TUICO, chama kinachowawakilisha wafanyakazi wa TANESCO, kinabeba pia viwanda, biashara na taasisi za fedha. TAMICO na NUMET nazo zimeweka nishati katika majina yao, lakini uzito wao mkubwa uko migodini na kwingineko. Kiwandani kwa jirani yangu mafundi umeme ni 8 kati ya watu karibu 400. Tawi likipiga kura, sauti zao 8 ni tone kwenye pipa. Ndiyo maana mkataba wa hali bora, yale makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, ukisainiwa, nyongeza inagawanywa kwa wote kwa kiwango kimoja, na aliyesoma VETA miaka mitatu akapata leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, anajikuta ameongezwa sawasawa na aliyefundishwa kubonyeza kitufe kwa wiki mbili. Wengi ndio wenye kura, na kiongozi wa tawi anajua anayemchagua.

Mtu mwenye ujuzi wa namna hii anaweza kusema: mimi soko langu liko nje, mwajiri akinibana ninahama. Na ni kweli anahama. Mota za kiwanda hazisubiri. Ikiungua saa nane usiku, meneja humpigia fundi kwa adabu ambayo mchana hana. Nguvu hiyo haikutoka kwenye chama chochote, imetoka mikononi mwake.

Halafu kuna historia, ambayo wazee hawajaisahau. Vyama huru vilivyokuwa chini ya TFL, shirikisho lililoanzishwa 1955, katibu wake mkuu akiwa Rashidi Kawawa, vilivunjwa 1964 baada ya maasi ya askari, na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja kilichofungamana na TANU. Baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, mpaka miaka ya 1990 vyama vilipoanza tena kusimama kimoja kimoja. Miaka yote hiyo mfanyakazi alikuwa akikatwa ada ya chombo ambacho hakuwa na njia ya kukihoji. Kwa hiyo kijana akikuambia chama ni fulana na kofia ya Mei Mosi, usidhani ameyatunga. Huenda ameyasikia nyumbani.

La mwisho upande huu ni la kisheria, na linawahusu hasa wanaopeleka umeme kwa wananchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeuweka umeme kwenye orodha ya huduma muhimu, pamoja na maji, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege. Huko mgomo umekatazwa, isipokuwa pawepo makubaliano yaliyoidhinishwa kuhusu huduma ya kiwango cha chini itakayoendelea wakati wa mgomo. Mgogoro wa maslahi ukikwama kwenye usuluhishi unapelekwa kwa mwamuzi. Jirani yangu wa kiwandani hafungwi na orodha hiyo, ila fundi wa laini wa shirika la umeme anafungwa. Mtu anaweza kuuliza, na kwa haki kabisa: chama kisichoweza kugoma ni chama cha nini?

Mwaka 2002 swali hilo lilijibiwa hadharani, na jibu halikuwa tamu. Serikali ilikuwa imeamua kuikabidhi menejimenti ya TANESCO kwa kampuni ya Afrika Kusini, NETGroup Solutions. Wafanyakazi walipinga kwa nguvu, na mameneja wapya waliingia ofisini wakisindikizwa na polisi wenye silaha. Mkataba ule uliendelea mpaka 2006. Upinzani haukuuzuia. Anayetaka kuonyesha kwamba vyama havina meno anaweza kuishia hapo na asipingwe na mtu.

Mimi siishii hapo, kwa sababu meno si kiungo pekee cha mwili. Faida kubwa ya chama kwa fundi umeme iko mahali pasipo na kelele: kwenye karatasi. Chama kikiwa na wanachama walio wengi kazini, sheria inakipa haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi wa eneo hilo, na mwajiri analazimika kukaa nacho mezani kwa nia njema. Kinachotoka mezani, ule mkataba wa hali bora, kinamfunga mwajiri kisheria. Sasa fikiria yanayoweza kuandikwa humo yakiandikwa na mtu anayejua umeme. Kwamba hakuna kazi juu ya laini bila kibali cha maandishi chenye jina la aliyezima na saa aliyozima. Kwamba ethi zinafungwa pande zote mbili za mahali pa kazi. Kwamba glovu za mpira zinapimwa kila baada ya muda fulani na tarehe inaandikwa. Kwamba fundi hapandi peke yake.

Hilo la ethi za pande mbili nalitilia mkazo kwa sababu wasio wa fani hudhani laini ikizimwa kituoni mambo yamekwisha. Hayajaisha. Umeme unaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Mwenye hoteli au mashine ya kusaga ana jenereta, ameliunga kienyeji bila swichi ya kubadilisha chanzo. Akiliwasha, umeme wake unatoka nyumbani, unapita kwenye transfoma kinyumenyume na kupandishwa kuwa maelfu ya volti, unaingia kwenye laini ambayo fundi ameambiwa ni mfu. Hajazimiwa na mtu mwovu wala kuwashiwa na mtu mwovu. Kinachomwokoa ni utaratibu unaofuatwa hata siku ambayo kila mtu ana haraka, na utaratibu wa namna hiyo hausimami kwa ujasiri wa mtu mmoja. Babu alikuwa na ujuzi wote na ujasiri wote. Vikamwokoa uhai, vikamkosesha kazi.

Hapa ndipo ile hoja ya "ninahama" inapopwaya. Kuhama kunamsaidia fundi anayeonewa kwenye mshahara. Anayeambiwa apande kwenye waya wenye moto hana nafasi ya kuhama asubuhi ileile. Ana dakika tano za kukubali au kukataa, mbele ya wenzake wanaotaka posho ya siku. Akiwepo mwakilishi wa tawi pale, na kipengele cha mkataba anachoweza kukitaja kwa namba, maneno "sipandi" yanakuwa utekelezaji wa makubaliano. Bila hivyo yanaitwa ukaidi.

Na mwajiri akiamua kumwondoa kwa sababu hiyo, safari ni kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Nimewahi kukaa kwenye mabenchi yao nikisubiri shauri la ndugu. Mwajiri huja na ofisa rasilimali watu na wakili. Mfanyakazi asiye na chama huja na bahasha ya karatasi zilizokunjwa na shemeji yake wa kumtia moyo. Mwenye chama hukaa na mtu aliyeshapita pale mara kadhaa, anayejua fomu ipi inajazwa wapi. Wakati mwingine mashauri hufa kwa kujazwa vibaya, haki ikiwa bado iko palepale. Sijui bei ya msaada huo kwa shilingi, ila wakili wa kulipia mwenyewe kwa siku moja tu anaweza kuimaliza ile 228,000 ya jirani yangu.

Kwa kweli hata ile hesabu ya makato ina shimo. Mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama kinachotambuliwa unamgusa pia asiye mwanachama. Ananufaika bila kulipa, na ndiyo sababu sheria imeruhusu makubaliano ya ada ya uwakala: asiye mwanachama anakatwa kiasi kisichozidi ada ya mwanachama, fedha zinawekwa kwenye akaunti ya peke yake kwa ajili ya maslahi ya wafanyakazi wa hapohapo. Kulazimishwa uanachama ni marufuku. Kuchangia gharama si marufuku. Kenya nako Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ina ada ya namna hiyo, ingawa wenzetu kule wana bahati nyingine ya kuwa na KETAWU, chama chenye neno umeme katika jina lake. Kwa hiyo pale penye makubaliano ya uwakala, anayejitoa kwenye chama ili kuokoa 19,000 huenda asiokoe chochote. Anabaki analipa, tofauti ni kwamba hapigi kura. Jirani yangu nilipomweleza hili alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ni dhulma. Labda. Lakini kula chungu kimoja na waliokipika bila kuchangia kuni nako kuna jina lake.

Kuna wanaosema siku hizi serikali imeshaichukua kazi ya vyama. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, si mfanyakazi. Tuna OSHA, wakala wa ukaguzi wa usalama kazini, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Hoja hii ina ukweli kwa upande wa fidia: aliyeungua mkono leo yuko mahali bora kuliko aliyeungua miaka 20 iliyopita, awe na chama au asiwe nacho. Ila mfuko hufika baada ya ajali, na hufika kwa aliyesajiliwa. Mkaguzi naye hafiki kila nguzo. Mtu aliyepo kila siku kazini ni mfanyakazi mwenyewe na mwenzake.

Wamarekani walilijua hilo mapema, na kwa njia mbaya. Chama chao cha mafundi umeme, IBEW, kilizaliwa St. Louis mwezi Novemba 1891, wajumbe 10 wakiwakilisha wanachama 286. Rais wa kwanza, Henry Miller, alikuwa fundi wa laini, na alikufa 1896 jijini Washington baada ya kupigwa shoti akiwa kazini na kuanguka. Chama kile kilianza na vifo. Kilichokikuza baadaye ni jambo ambalo kwetu halipo: kilishika mafunzo na ajira. Mwanagenzi husoma na kufanya kazi kwa takribani miaka 5, zaidi ya saa 8,000 kazini akilipwa, gharama za mafunzo zikitoka kwenye michango inayokubaliwa kati ya chama na umoja wa makandarasi, NECA. Akihitimu jina lake linaingia kwenye orodha ya ukumbi wa chama, na makandarasi huchukua watu kutoka hapo. Akimaliza jengo la kampuni moja akahamia kampuni nyingine, bima yake ya afya na pensheni yake vinahama naye, kwa kuwa viko kwa fani na si kwa mwajiri.

Ninaandika hili nikijua lina upande wake wa giza. Anayeshika mlango wa kuingia kwenye fani anaweza pia kuufunga. Kwa miongo mingi matawi mengi ya ujenzi kule, ya umeme yakiwemo, yaliwaachia kazi watoto na wapwa wa wanachama na kuwazuia Wamarekani weusi, mpaka serikali ya Nixon ilipoleta Mpango wa Philadelphia mwaka 1969 kuwabana makandarasi wa fani hizo. Na wanauchumi wengi watakuambia kwamba chama kinachopunguza idadi ya mafundi kinapandisha bei kwa mteja. Sidhani tunahitaji kuiga chote. Tunachoweza kujifunza ni kwamba fundi umeme kwa asili ya kazi yake ni mtu wa kuhamahama, na chama kinachomjua kwa mwajiri wake tu kitampoteza mradi unapoisha.

Hilo ndilo tobo letu kubwa, na kwangu ni kubwa kuliko makato na fulana. Fikiria nani anajenga laini za REA, wakala wa nishati vijijini, nani anavuta nyaya kwenye maghorofa ya Kariakoo, nani anafunga mitambo mipya viwandani. Wengi ni vijana wa makandarasi na makandarasi wadogo chini yao, mikataba ya miezi mitatu, minne, wengine hawana karatasi yoyote, ni deiwaka wanaolipwa jioni. Sheria yenyewe inasema mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja, hata kwa mikataba kadhaa ikijumlishwa, halindwi na vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali. Chama kinachotaka kupata wengi mahali pa kazi kitawahesabu vipi watu ambao hawapo Aprili na walikuwepo Januari? Viongozi wa vyama huenda palipo na hati ya mshahara, kwa kuwa ndipo ada inapokatwa. Matokeo yake ni kwamba ulinzi uko mwingi pale hatari ilipo ndogo, na kule Singida, penye nguzo mpya na msimamizi mwenye haraka, hapana kitu.

Kwa fundi mwenye ajira ya kudumu, basi, jibu langu ni jepesi: aingie, alipe, na awe msumbufu kwenye mikutano mpaka wale 8 wapate kamati yao ya usalama na daraja lao la mshahara. Asilimia 2 ni ghali kwa fulana, ni rahisi kwa haki ya kukataa. Kwa fundi wa mtaani aliyejiajiri, mwenye leseni yake ukutani na wateja kwenye simu, chama cha wafanyakazi kama kilivyo leo hakimhusu sana. Umoja wa mafundi wa kununua vifaa vya usalama kwa pamoja na kukatiana bima ungemfaa zaidi. Kwa kijana wa mkandarasi faida ingekuwa kubwa kuliko kwa wote, na kwa sasa siwezi kumwelekeza mlango wa kubisha.

Mwezi uliopita jirani yangu alihudhuria mkutano wa tawi, nadhani kwa sababu ya ubishi wetu. Kiwandani mwao kuna vijana wa mkandarasi wanafunga paneli za mtambo mpya, na aliwaona wakifanya kazi karibu na nyaya zenye moto bila kizuizi chochote. Alitaka kuuliza kama tawi linaweza kuwasemea, ingawa si wanachama. Alirudi saa mbili usiku. Ajenda ya kwanza ilikuwa rangi ya fulana za Mei Mosi, ikachukua dakika 40. La kwake lilipangwa kwenye mengineyo, na muda ukaisha kabla ya kufika hapo. Mkutano ujao ni baada ya miezi mitatu. Mtambo unawashwa wiki sita kutoka sasa.